Afya ya askari inaanzia kwa kamanda: nilichosema siku ya afya kikosini

(Wengi mliokuwa zamu, safarini na likizo mmeniomba niwawekee hotuba yote. Hii hapa, nimeitoa kwenye rekodi ya simu ya binti mmoja wa signo, kitengo cha mawasiliano. Picha za projekta nimeziacha, wala hazikuwa na maana sana.)

Mkuu wa kikosi, maafisa, sajenti meja wetu, askari wote wake kwa waume, wifi zangu, shemeji zangu, na watoto mnaokimbizana huko nyuma, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Afande mkuu naomba ruhusa niongee kiraia kidogo, nimestaafu na saluti yangu siku hizi inatoka upande upande.

Kwa wasionijua, mimi nilikuwa nesi jeshini mpaka nywele zikageuka rangi. Baadhi yenu hapa nimewachoma sindano mkiwa makuruta, mnatetemeka kabla hata sijatoa pamba. Leo naona mna nyota mabegani, hongereni sana, ila naona na vitambi vimekuja pamoja na nyota, hapo hongera sitoi.

Nimeambiwa niongelee tabia nzuri za afya. Sasa nawauliza, mada hii mmeshaisikia mara ngapi? Kula mboga, kunywa maji, acha sigara, vaa kinga, lala kwenye neti. Kuruta anaijua. Koplo anaijua. Mpishi wa mesi anaijua na anaweza kuwaimbia. Kama watu wangekuwa wanaumwa kwa kutokujua tu basi hapa kikosini asingeumwa mtu, kwahiyo mimi leo siji kuwarudishia somo mnalolijua. Nimekuja na jambo moja, na litawauma zaidi waliokaa viti vya mbele kuliko hawa waliosimama juani. Askari anaishi kama anavyomuona mkubwa wake anaishi. Basi. Ukitaka platuni ilale kwenye neti, luteni alale kwenye neti. Ukitaka watu wapunguze chumvi, iondoke kwanza kwenye meza ya maafisa.

Hili sijalitunga mimi. Hivi mnawajua Keya? Nyinyi vijana mnatoa macho tu, lakini waulizeni wazee. Askari wa King's African Rifles, babu zetu, watu waliochukuliwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, Malawi ya leo, wakapelekwa Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar, kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka kwenye bonde moja linaitwa Kabaw, mvua inanyesha usiku na mchana, matope mpaka magotini, Wajapani wanarudi nyuma huku wanapiga, na bonde lenyewe lilishaogopwa zamani kabla ya vita kwa sababu ya malaria. Sasa jenerali aliyekuwa juu yao wote, Mwingereza mmoja anaitwa Slim, kamanda wa Jeshi la 14, alipopokea jeshi lake alikuta hesabu ya kutisha. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyetolewa mstari wa mbele kwa jeraha, waliotolewa kwa ugonjwa walikuwa 120. Nirudie? Risasi mtu mmoja, homa na kuhara watu mia na ishirini! Sasa wewe mwenyewe niambie, hapo adui ni Mjapani au ni mbu?

Dawa ilikuwepo. Kidonge kinaitwa mepakrini, unameza kila siku, na kweli kilikuwa kinakinga. Tatizo lake kilikuwa kinageuza ngozi kuwa ya njano, na mnawajua askari, ikatoka stori kwamba hicho kidonge kinamaliza nguvu za kiume. Mnacheka? Chanjo ya korona ilipokuja hapa mlisema nini? Maneno yaleyale, miaka karibu themanini baadaye, sema safari hii yalipita wasap.

Basi watu wakawa wanakipokea kidonge, wanakiweka chini ya ulimi, wakigeuka kona wanakitema. Slim akafanya nini? Hakuita semina. Hakubandika mabango. Alianza kupima damu za vikosi kwa kushtukiza, kikosi kizima, na kikosi kikikutwa waliomeza dawa hawafiki asilimia 95, hakumgusa praiveti. Hakumgusa koplo. Hakumgusa mganga wa kikosi. Alimwondoa kamanda wa kikosi. Mwenyewe alikuja kusema ilitosha kuwaondoa watatu tu, wengine wote wakaelewa somo. Na kufikia 1945 wagonjwa walishuka mpaka mtu mmoja kwa siku katika kila askari elfu. Haikuwa kidonge peke yake jamani, walisogeza matibabu mbele karibu na mapigano, wakapata dawa mpya za kuua wadudu, ndege zikawa zinabeba wagonjwa. Lakini kidonge kilianza kumezwa siku ile kamanda alipojua nyota zake zimo ndani ya damu ya askari wake.

Na msidhani ni mambo ya Bama huko mbali. Hapahapa kwetu, vita ya kwanza ya dunia, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walikuja kumkimbiza Mjerumani. Bataliani yao ya 9 ilianza mwezi wa pili na watu 1,135. Mwezi wa kumi waliobaki wazima wa kwenda kazini walikuwa 116, na mapigano yenyewe waliyokutana nayo yalikuwa kidogo sana. Malaria na kuhara vilimaliza bataliani. Upande wa pili Wajerumani wanatengeneza kwinini yao wenyewe kule Amani, Usambara, wanajua wakikosa dawa vita imekwisha. Na wale wapagazi wetu, waliobeba mizigo ya wazungu wa pande zote mbili, maelfu kwa maelfu, hao wengi wao waliuawa na tumbo, homa na baridi, wala hawakuwa na bunduki. Ukipita Kariakoo kununua viatu kumbuka hapo palikuwa kambi yao.

Mtasema sista hizo ni habari za enzi za mababu. Haya, 2003, jeshi la Marekani, jeshi lenye kila kitu. Maaskari wao wa majini walishuka Monrovia kule Liberia kwa muda mfupi tu. Wapatao 80 wakarudi na malaria. Dawa za kumeza walikuwa nazo, ila wengi hawakumeza inavyotakiwa, dawa ya kupaka ngozini hawakupaka, neti hazikutumika. Themanini! Huyo ni Mmarekani. Sasa wewe unayekwenda Kongo au Afrika ya Kati unasema mimi malaria nimezaliwa nayo, mimi mtoto wa Kilosa, unakunja mikono ya kombati jioni upigwe upepo. Kinga ya utotoni ina mipaka yake, na mbu wa kule hana habari na Kilosa.

Sasa twende mesini, hapa ndo patamu.

Kuna sajenti meja mmoja, sio wa kikosi hiki, msianze kugeuza shingo. Alimleta kuruta kliniki kafunguka kidole. Wakati nashona kidole cha mtoto wa watu, meja kasimama anatoa amri kwa kuruta asilie. Nikamwambia afande kaa hapa, nikupime presha wakati tunasubiri. Akakaa, akakunja shati, mkono kama mti wa mninga. Nikafunga ile kitambaa, nikabonyeza, mashine ikavuma ikatulia. 178 kwa 110. Akaangalia ile namba akaniangalia mimi. "Sista, mashine yako mbovu." Nikasubiri dakika tano, nikapima mkono wa pili. 176 kwa 108. "Nakimbia kilomita nane kila asubuhi sista, mimi ndo nawaongoza hawa." Na ni kweli alikuwa anakimbia, tena anaimba! Hakuwa na maumivu, hakuwa na kizunguzungu, hakuwa na chochote. Presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi, unaweza kutembea nayo miaka unajiona simba, halafu siku moja asubuhi mdomo unakwenda upande. Ikifika 140 kwa 90 na ikarudia hivyo siku nyingine, hapo tayari ni presha, usiseme umechoka na safari.

Nikamuuliza, afande unakulaje? Akasema kawaida tu. Siku ya pili nikaenda mwenyewe mesini kuangalia hiyo kawaida. Sahani imekuja, ugali, maharage, nyama ya mchuzi. Kabla hajaonja, kabla hajaonja jamani, ameshachukua kikopo cha chumvi anatikisa. Afu nikatazama meza nzima. Watu kumi na kitu, kila mmoja anamtazama meja, kikopo kinapita mkono kwa mkono, hamna aliyeonja kwanza. Makuruta walioingia juzi wanatikisa chumvi kwa mkono uleule, staili ileile! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyo kwenye mchuzi, kwenye mkate, kwenye soseji, kwenye kila kitu. Wale walikuwa wameshamaliza kijiko kabla ya saa nane mchana.

Nilikwenda kwa mkuu wao wa kikosi. Nashukuru alikuwa mtu muelewa, hakutaka barua. Akamwita mpishi, akasema kuanzia kesho vikopo vya chumvi visionekane mezani, kwangu mimi kwanza, na mpishi apunguze kwenye sufuria kidogo kidogo asishtue watu. Wiki ya kwanza manung'uniko, chakula cha hospitali, chakula cha mfungwa. Baadae watu wakazoea ulimi, hadithi ikaisha. Meja alianza dawa, na yuko hai mpaka leo, ana wajukuu, bado anasema mashine ilikuwa mbovu.

Na ule mlima wa ugali. Kijana wa miaka 20, yuko mafunzoni, anachimba mahandaki, anabeba gogo, anakwenda mchakamchaka, huyo mpe ugali anaumaliza na mwili unautumia. Sasa yuleyule ana miaka 42, yuko stoo anahesabu magodoro, anakwenda kazini kwa pikipiki, anakula mlima uleule na anashushia na soda mbili. Unategemea uende wapi? Wifi zangu na hapa mnanisikia, msimpimie mzee sahani kwa cheo chake. Jaza mchicha, jaza matembele, ugali upungue, matunda yawepo hata kama ni embe la mtini. Na nyinyi wa kantini, naongea na mkuu anasikia, kwanini maji ya chupa yanakaa chini kwenye boksi la moto na soda ndo ipo kwenye friji? Askari ametoka gwaride ana kiu, atachukua cha baridi. Geuzeni friji. Hiyo haihitaji bajeti ya wizara.

Kuhusu mazoezi sitachukua muda, nyie ndo wenye nayo, ila watu wa ofisini mnajificha kwenye mgongo wa kombania. Haohao Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au mfano wake. Nusu saa mara tano. Na mnaoongoza mbio kwenye jua kali, mtu akianza kuyumba, kuongea hovyo, mwili unawaka, huyo sio mvivu. Usimpigie kelele. Mvue, mmwagie maji, mzamishe kwenye maji kama yapo, mpepeeni, poza kwanza ndipo gari la hospitali lifuate. Dakika mnazopoteza kutafuta dereva ndizo zinazoua.

Pombe na sigara. Hapa nataka niwe mkweli, majeshi ndiyo yaliyowafundisha watu. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linawapa mabaharia ramu kila siku, bure, kwa amri, na walikuja kuacha 1970. Wamarekani walikuwa wanaweka sigara ndani ya pakiti ya chakula cha askari, sigara kabisa pembeni ya biskuti, mpaka 1975. Fikiria kijana hajawahi kuvuta, anafungua chakula anakuta sigara zake, serikali imempa. Lakini si waliacha? Na majeshi yao hayakuvunjika. Kwahiyo mtu asinidanganye kwamba pombe ni mila ya askari haiwezi kuguswa. Kilichowekwa kwa amri kinatoka kwa amri. Ila haitoki kama meja anakemea kombania asubuhi kwa sauti ya hangova, harufu inafika mstari wa tatu. Haitoki kama kila sherehe ya kupandishwa cheo kipimo chake ni kreti. Na wale wa misheni za kulinda amani nje ya nchi, hela ya misheni ni ya kujengea nyumba, nimeshaona mtu karudi na tv kubwa na ini limekwisha.

Ukimwi nao tusiukwepe kwa sababu kuna watoto hapa, watoto wanajua kuliko nyie. Mpo mbali na nyumbani miezi, mna hela mfukoni, mna umri ule. Kondomu ziwepo getini, sio kliniki ambako mtu mpaka amuulize nesi aliyemjua mama yake. Umeteleza, kondomu imepasuka, hukuwa nayo, kuna dawa ya kuzuia, lakini lazima uianze ndani ya masaa 72, mapema ndo bora, sasa wewe ukikaa siku tano unaogopa afande atajua, umejimaliza mwenyewe. Na aliye na virusi akimeza dawa zake vizuri mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Huyo ni askari kama wewe, acheni kumnong'ona.

Kuna kitu cha choo, watu wanaona aibu kuongelea choo kwenye hadhara, mimi sina aibu hiyo nimemwaga bakuli za wagonjwa maisha yangu yote. Oktoba 2010 Haiti, nchi ambayo ilikuwa haina kipindupindu. Kulikuwa na kambi ya walinda amani karibu na mji wa Mirebalais, maji machafu ya kambi yakaingia kwenye kijito, kijito kikaingia mto mkubwa wa Artibonite, watu wanakunywa huo mto, wanaogea, wanafulia. Walikufa watu karibu 10,000. Elfu kumi! Umoja wa Mataifa ulikuja kuomba radhi kwa wananchi wa Haiti 2016. Walinda amani, waliokwenda kusaidia. Kwahiyo unapopewa kazi ya kuchimba choo kambini Kongo ukachimba cha kupita tu kwa sababu mtahama wiki ijayo, au ukamwaga tenki la maji taka mtoni usiku kwa sababu gari la kunyonya limechelewa, unajua unachomfanyia mama aliye kule chini na ndoo yake? Na kamanda anayepita kukagua kambi akaangalia bendera na mistari ya mahema bila kwenda nyuma kuangalia choo, huyo hajakagua kambi.

Nimalizie na kichwa, naona sajenti meja anaangalia saa.

Kuna mtu karudi misheni, mzima, mikono miwili miguu miwili, watu wamempokea na ngoma. Mkewe akaja kwangu baada ya muda. Anasema sista, mume wangu analala sebuleni chini, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mtoto akiangusha sufuria anaruka. Hataki kwenda sokoni. Ukimuuliza anasema nimechoka tu. Ukimuuliza tena anafoka, na huyu ni mtu alikuwa hajawahi kunifokea. Yule dada alikuwa anaogopa kusema kwa sababu akisema mumewe ataambiwa mlaini, ataondolewa kwenye orodha ya safari ijayo. Nawauliza waliokaa mbele, aliogopa bure? Nyamazeni tu, jibu mnalo.

Mtu aliyevunjika mguu mnambeba. Huyu mnamcheka. Usingizi wake umevunjika, na asiyelala ni hatari kwa wenzake, watafiti wameshapima, ukikaa macho masaa 17 mpaka 19 akili yako inafanya kazi kama ya mtu aliyekunywa, na huyo tunampa silaha na ufunguo wa gari. Kwahiyo mpangaji wa zamu za lindo, usimlundikie mtu usiku tatu mfululizo kwa sababu hana mdomo. Na mkubwa mmoja, mmoja tu mwenye cheo, akisimama mbele ya watu wake akasema mimi niliporudi sikulala vizuri, nikaenda nikaongea na daktari, au na padri, au na shehe, nikapata nafuu, huyo atakuwa ameleta watu kliniki kuliko mimi na mabango yangu yote. Nimewahi kumuona afisa akifanya hivyo, luteni kanali, kwenye paredi. Wiki ileile walikuja watu kliniki nisiowategemea, mmoja alikuwa amefunga mdomo miaka.

Sasa maneno yangu yameisha. Manesi wako pale chini ya mwarobaini na mashine mbili za presha na vipimo vya sukari, bure, dakika chache tu, kila mtu atapewa kadi yake na hamna jina litakalosomwa kwenye paredi. Utaratibu nimeshaongea na mkuu wa kikosi na amekubali. Hatuanzi na makuruta leo, makuruta tulieni kivulini mnywe maji. Wa kwanza ni mkuu, wa pili sajenti meja, halafu maafisa wote kwa cheo kutoka juu kushuka chini. Afande mkuu, karibu kiti, mkono wa kushoto, na usiongee wakati mashine inapima.